Moja, Tatu, Tano, Saba

Tulimzika Adeer Jama baada ya sala ya adhuhuri, na kufikia alasiri wanaume tulikuwa tumeketi kwenye mikeka chini ya turubai, vidole vinang'aa mafuta ya mbuzi, tukisema yale mazuri ambayo watu huyasema juu ya marehemu. Binamu yangu Galgalo alifika kutoka Nairobi. Mazishi yalikuwa yamempita lakini chakula alikiwahi. Hatukuwa tumeonana kwa miaka tisa. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniita "fundi", vile mtu anavyomwita fundi ambaye jina lake limemtoka, kisha akaketi katikati ya watu na kuanza kusimulia. "Nyinyi hamjui," alisema, "mimi hesabu nilisomea kwenye karakana ya huyu mzee. Huyu ndugu yangu hapa alikuwa ananiambia grafu ni geti. Geti, wallahi! Nikienda shule mwalimu ananiuliza, kijana, jibu hili umelitoa wapi? Namwambia, kwa geti." Watu walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Mimi pia nilicheka. Kucheka pamoja na wengine ni njia rahisi ya kukaa kimya, na njia hiyo nimeipita mara nyingi tangu utotoni. Lakini nilirudi nyumbani na kitu kimenikaa kifuani kama mfupa, na tangu siku hiyo mwaka mmoja wa ujana wetu haujaniacha. Nimeona afadhali niuandike, ijapokuwa naandika polepole na shule yangu iliishia darasa la nane.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Mimi na Galgalo tulikaa chumba kimoja cha mabati huko Bula Pesa, mtaa wa Isiolo, chumba ambacho saa nane mchana hakuna mtu angeweza kukaa ndani isipokuwa mgonjwa. Kilikuwa na kitanda kimoja tulicholala wawili, kichwa cha huyu kwa miguu ya yule, mtungi wa maji, jiko la makaa lililokaa nje ya mlango, na misumari miwili ukutani. Msumari mmoja ulikuwa wa sare yake ya shule, nyeupe na kijivu, ambayo niliifua mimi kwa sababu mikono yangu ilikuwa imezoea sabuni kali. Msumari wa pili ulikuwa wa ovaroli yangu, iliyotobolewa na cheche mbele kote kama kichungi cha chai. Asubuhi tulinunua anjera, mikate laini ya Kisomali, kwa jirani, mbili zake na mbili zangu, tukazichovya kwenye chai ya maziwa tukiwa tumechuchumaa mlangoni. Kisha yeye akapita njia ya shule na mimi njia ya karakana. Mapatano yetu yalikuwa mepesi kuyasema. Tulimaliza darasa la nane mwaka mmoja, wote wawili tukaitwa sekondari, na ni mmoja tu aliyeweza kwenda, mwingine akitafuta karo. Tuliamua iwe kwa zamu. Alama zangu zilikuwa juu kuliko zake, lakini yeye ndiye aliyeweza kusimama mbele ya mtu wa ofisi na kusema shida yake bila jasho, kwa hivyo zamu ya kwanza ikawa yake. Akimaliza kidato cha nne, yeye atashika kazi na mimi nitaingia kidato cha kwanza. Na kwa kuwa alijua ninavyoshikwa na haya mbele ya watu, aliongeza mwenyewe bila kuombwa, akiniita abbo kama tunavyoitana wanaume wa Kiborana: "Siku hiyo nitakupeleka mimi, abbo. Wewe utasimama tu kando yangu. Kusema ni kazi yangu." Mwaka ninaouandika ulikuwa mwaka wake wa nne. Nilikuwa nimeuhesabu kwa miezi, kama mtu anayengoja mvua.

Karakana ilikuwa kando ya barabara kuu, upande wa kwenda Ngaremara, na mwenyewe alikuwa Adeer Jama, mzee wa Kisomali wa mjini ambaye babu yake alikuja na jeshi la wakoloni na hakurudi tena kwao. Sisi vijana tulimwita Adeer, yaani baba mdogo, na hata wateja Wameru walimwita hivyo hivyo. Tulitengeneza madirisha, vitanda vya chuma na mahodhi ya kunyweshea mifugo, lakini jina lake lilitokana na mageti, hasa yale yenye upinde juu, ambayo watu wa Burat waliokuwa wakijenga nyumba za mawe waliyapenda. Upinde huo hakuupima kwa kitu chochote cha dukani. Alipiga mstari sakafuni kwa uzi uliopakwa chaki, akagawa mahali pa kila chuma cha wima, hatua sawa sawa, kisha akaenda katikati na kuweka alama ya kilele. Kutoka hapo alishuka kwa upana wa vidole vyake. Chuma kinachofuata, kidole kimoja chini. Kinachofuata tena, vidole vitatu zaidi. Kisha vitano zaidi. Kisha saba. Upande wa kulia na wa kushoto sawa. Siku yangu ya kwanza nilipima kwa vidole vyangu nikashuka kimoja, kimoja, kimoja, na yeye akasimama juu yangu akaniacha nimalize. "Warya, we kijana," alisema, "umetengeneza nini hapa?" Akaonyesha kwa ncha ya kiatu. "Hili ni paa la nyumba. Mteja ametaka paa?" Nikatikisa kichwa. "Mtu akikimbia mteremko, hatua ya kwanza ni ndogo, ya pili kubwa, ya tatu inamchukua yenyewe. Chuma nacho hushuka hivyo. Moja, tatu, tano, saba. Na usianzie pembeni kama mwizi. Anza kileleni, ndipo utajua unakokwenda."

Kulikuwa na jambo moja zaidi, na nalieleza kwa sababu ndilo lililotuingiza katika yote yaliyofuata. Vyuma vikiwa tisa, kimoja husimama katikati na kilele ni chake. Lakini vikiwa vinane, au sita, katikati hapana chuma. Kuna viwili vya urefu mmoja, na kilele kiko kati yao, hewani. Hapo Adeer alibadilisha hesabu: kutoka kwenye vile viwili alishuka vidole viwili, kisha vinne, kisha sita. Na kile chuma bapa kinachopita juu ya vyote, kilipofika kati ya vile viwili, alikiinua kidogo sana, robo ya kidole, jambo ambalo mteja hangeliona hata angeonyeshwa. Niliwahi kumuuliza kwa sauti ya chini kama kuna haja. "Usipokiinua," alisema, "geti litaonekana kama limekaliwa na mtu mnene." Nilifanya kazi hiyo miaka mitatu kabla sijajua kwamba ina jina lingine.

Jina hilo nililiona Jumapili moja alasiri. Galgalo alikuwa amelala kifudifudi kitandani, karatasi ya grafu mbele yake, rula mkononi, akitukana kwa Kiborana. Nilikuwa nimeketi mlangoni nachambua mchele. Nilichungulia tu, kwa kuwa nilipenda kuzitazama karatasi zile, miraba midogo ya kijani mingi kuliko mtu anavyoweza kuhesabu. Aliambiwa achore y ni sawa na x² toa 3x ongeza 2. Jedwali lake lilikuwa limejaa: x kutoka hasi moja mpaka nne, na chini yake sita, mbili, sifuri, sifuri, mbili, sita. Nukta alikuwa ameziweka vizuri. Kisha alichukua rula akaziunganisha, nukta kwa nukta, mpaka kikatoka kitu kama beseni lililogongwa na lori, na chini kabisa, kati ya sifuri na sifuri, mstari ulionyooka.

"Hapo umepakalia," nilisema.

"Nimekalia nini?"

"Hapo chini. Pamekuwa bapa."

"Ni sifuri na sifuri, Dida. Kutoka sifuri mpaka sifuri utapita wapi kama si hapo hapo?"

"Hili ni geti la vyuma sita. Kilele kiko katikati."

"Kilele gani, na hii iko chini?"

"Geuza karatasi."

Aliigeuza juu chini, kwa dharau kwanza. Kisha akaisogeza karibu na uso. Nilimwonyesha kwa kucha: hapa sawa, hapa umeshuka viwili, hapa vinne. Akasema hizo ni bahati tu. Nikamwambia atafute katikati, pale kati ya moja na mbili. Alichukua kikokotoo chake, akaweka moja na nusu mahali pa x, akabonyeza, akafuta, akabonyeza tena. Jibu lilikuwa hasi sifuri nukta mbili tano. "Robo," nilisema. "Robo chini." Alinitazama kama mtu aliyeona mbuzi wake akisoma gazeti. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile. Wali uliungua na tukaula hivyo hivyo, na wakati wote wa kula alikuwa ananiuliza na mimi nilikuwa najibu, jambo ambalo halikuwa kawaida yetu.

Nimefikiria sana kwa nini yeye na wenzake walishindwa kuona kitu kilicho wazi namna ile. Hawakuwa wajinga. Kupata namba walijua kuliko mimi. Lakini kila nukta waliiona kama kijiji peke yake, na kazi yao ni kupiga barabara fupi kutoka kijiji hiki mpaka kile, wasijue kwamba vijiji vyote vimekaa kwenye ukingo wa bonde moja na bonde lenyewe ndilo wanaloulizwa. Mtu aliyewahi kupinda chuma hawezi kukosea hivyo, kwa sababu chuma hakikubali kona. Ukikilazimisha kona, kinavunjika au kinakuunguza. Siku hizi watoto wa mtaa wetu huja karakanani na simu, wanaandika x² kwenye kioo na upinde unatokea wenyewe, wanauvuta kwa kidole unapanda na kushuka. Nawatazama, kisha narudi kwenye mashine. Sisi tulikuwa na chaki, na sakafu yenye mafuta.

Nilichokosea ni kumfundisha nusu. Mwezi wa saba walifanya mtihani wa majaribio. Swali lilikuwa y ni sawa na 2x² toa 4x toa 3. Mwalimu wao wa hesabu, Mwalimu Kinoti, alikuwa amewafundisha kanuni ya kupata mahali pa kugeukia bila kujaza jedwali, na Galgalo alipata vizuri: x ni moja, y ni hasi tano. Baada ya hapo hakuhangaika kukokotoa. Alisimama pale chini akapanda kwa vidole vya Adeer, kimoja, vitatu, vitano, kulia na kushoto, akajaza jedwali zima kwa dakika moja, akachora upinde laini kuliko yeyote darasani. Wote waliotumia rula walipata alama kidogo. Yeye alipata sifuri. Mwalimu Kinoti aliinua karatasi mbele ya darasa na kumuuliza namba hizo alizitoa wapi, naye, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuogopa kusema, akasema kwa geti. Tangu siku hiyo jina lake likawa Geti. "Geti, funguka tupite!" walimwambia mlangoni. "Geti, umefungwa na kufuli gani leo?"

Alirudi nyumbani jioni na hakugusa ugali. Sukuma wiki ilipoa kwenye sahani. "Umenifundisha ujinga wa karakana," alisema. "Wewe na mzee wako mnatosheka na chuma. Mimi nina mtihani. Nikianguka, hata wewe umeanguka, ama umesahau?" Sikuwa nimesahau. Hilo ndilo lililonitia baridi. Zamu yangu ilikuwa ndani ya mtihani wake kama yai ndani ya kuku, na mimi ndiye niliyekuwa nimemtia kuku kisu. Nilitaka kumwambia kwamba kidole hakikukosea, kwamba kuna kitu hatujakiona. Lakini maneno yangu siku zote hufika baada ya watu kuondoka. Nilikula ugali wangu, kisha nikala wake, kwa sababu kwa joto lile ungechacha.

Nilikiona siku nyingi baadaye, na si kwa akili yangu bali kwa mteja mgumu. Alikuja mtu wa Burat, mstaafu wa jeshi, akatazama upinde niliokuwa nimeuchora sakafuni akasema umelala mno, yeye anataka kitu kinachopanda kama mlima. Adeer hakubishana. Alifuta kwa kiganja, akabaki na kilele chake pale pale, na hatua zake za chini zile zile. Kisha badala ya kidole kimoja akalaza viwili. Badala ya vitatu, sita. Badala ya vitano, kumi. "Sheria haijabadilika," aliniambia bila kuinua kichwa. "Kidole cha mteja huyu ni kinene, basi." Nilisimama na chaki mkononi mpaka akaniuliza kama naumwa. Mbili mbele ya x². Galgalo alikuwa amepanda kwa kidole chembamba kwenye geti la kidole kinene.

Jumapili iliyofuata nilimwambia. Hakutaka kusikia, kwa hivyo sikusema, nilichora tu sakafuni kwa chaki, kutoka hasi tano kwenda juu: mbili, kisha sita zaidi, kisha kumi zaidi. Alikokotoa mwenyewe kutoka kwenye kitabu, moja baada ya nyingine, na kila namba ilianguka mahali pake: hasi tatu, tatu, kumi na tatu. Tukajaribu swali lenye nusu mbele ya x², geti likalala kama mgongo wa ng'ombe aliyeshiba. Tukajaribu lenye hasi, nalo likasimama wima, geti la kweli, kilele juu. Namba iliyo mbele ni unene wa kidole, alama yake inasema kama geti limesimama au limepinduliwa, na namba iliyo mwisho, peke yake bila x, inasema upinde unakata wapi ule mstari wa wima. Hakuniomba radhi. Alisema, "Sasa ndiyo umesema." Nilichukua hayo kama radhi. Nilikuwa mtu wa kuridhika na kidogo, na nadhani watu huliona hilo upesi kwa mtu.

Alipeleka maneno hayo shuleni, na safari hii hawakumcheka. Jumamosi moja Mwalimu Kinoti alikuja karakanani na wanafunzi kama kumi, mtu mfupi mwenye koti lisilolingana na joto la Isiolo, na kumwomba Adeer ruhusa watazame. Adeer alifurahi, akaagiza chai ya watu wote. Galgalo alichukua chaki yangu na kusimama katikati. Alisema vizuri. Nakiri hilo hata leo, na labda leo zaidi. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mashine, miwani myeusi imenipanda kwenye paji la uso, nikisikiliza maneno yangu yakitoka kwenye mdomo unaojua kuyasema. Kisha alichora geti la vyuma tisa, na pale juu akaliinua robo ya kidole, kama la vyuma sita. Hakuna aliyeona. Miguu yangu ilinipeleka yenyewe. Niliinama, nikafuta kwa kiganja, nikachora upya kilele kikiwa kwenye chuma chake, nikarudi nilikokuwa.

"Huyu ni nani?" aliuliza Mwalimu Kinoti.

"Ni ndugu yangu, mwalimu," alisema Galgalo. "Mwaka ujao ni zamu yake ya kuja shule."

"Kidato cha ngapi?"

"Cha kwanza."

Wanafunzi waliangua kicheko. Nilikuwa tayari na ndevu. "Ataketi na watoto wa chekechea!" alisema mmoja. Lakini Mwalimu Kinoti hakucheka. Alinitazama usoni mpaka nikatazama chini. "Ndevu hazizuii hesabu," alisema. "Wewe, Januari uje, uniulize mimi mwenyewe. Umesikia?" Niliitikia kwa kichwa. Walipoondoka, Adeer alikusanya vikombe, kisha akasema, kama anayezungumza na vikombe: "Asubuhi utakwenda shule. Alasiri utakuja kuchomelea vyuma. Ukikosa pa kulala, kuna chumba hapa nyuma." Hivyo ndivyo mlango ulivyokuwa wazi mwezi wa tisa wa mwaka ule. Nalisema hili kwa sababu, kwa miaka mingi, nilipojieleza kwa nafsi yangu, nilisema kwamba mlango ulifungwa.

Galgalo alifanya mtihani wake. Katika karatasi ya pili ya hesabu kulikuwa na grafu, akaniambia jioni ile kabla hajavua viatu, na aliichora akiwa ametabasamu. Tulinunua nyama ya ngamia tukaila na chapati, na alizungumza mpaka chai ikaisha: atapata kazi Merti, ama kwenye duka la jumla hapa mjini, na mimi nitaanza shule, na viatu vyake bado ni vizima, nitavivaa mimi. Mwezi wa Desemba mjomba mmoja alimwita Nairobi kwa wiki mbili. Aliondoka na begi dogo. Sare aliiacha kwenye msumari. Matokeo yalipotoka alinipigia simu akipiga kelele, hesabu ndiyo iliyombeba, nami nilipiga kelele pia, peke yangu chumbani. Kisha sauti yake ikashuka. "Dida, nisikize. Huku wamenipatia nafasi ya chuo. Nikiikataa haitarudi. Wewe nipe mwaka huu tu, abbo. Zamu yako haiozi." Nilimwambia sawa. Akauliza kama nimekasirika. Nilimwambia hapana. Hayo ndiyo mazungumzo yetu yote juu ya jambo hilo, wakati ule na mpaka leo. Chini ya turubai la msiba, watu walipokuwa wakicheka, nilimtazama nione kama ataligusa. Aliomba aongezewe mchuzi.

Lakini zamu haikuwa mikononi mwake peke yake. Adeer alikuwa amesema, na Mwalimu Kinoti alikuwa amesema. Jumatano ya wiki ya kwanza ya shule niliamka mapema, nikaoga, nikavaa shati langu la Idi na viatu vya Galgalo vilivyonibana, nikaenda peke yangu. Njiani nilirudia maneno, moja moja, kama mtu anayebeba mayai. Naitwa Dida. Nilimaliza darasa la nane hapa Isiolo. Mwalimu Kinoti ananijua. Bawabu aliniuliza naenda wapi, nikamwambia kwa Mwalimu Kinoti, akasema Mwalimu Kinoti amehamishwa tangu Desemba, amepelekwa kwao upande wa Meru. "Kama ni mambo ya kidato cha kwanza, panga foleni pale kwa naibu."

Nilipanga. Mbele yangu kulikuwa na akina baba na akina mama na watoto wao, watoto wadogo kabisa, kaptura zimewafika magotini, masanduku ya bati miguuni. Mvulana aliyekuwa mbele yangu alikuwa analia kwa siri na mama yake alikuwa anampangusa kwa ncha ya mtandio. Ningeweza kuwabeba wawili kwa mkono mmoja. Kila foleni iliposogea, neno moja lilinitoka kichwani, na nilipofika mlangoni halikuwa limebaki hata moja. Naibu wa mwalimu mkuu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, amechoka, sauti yake nzuri. Alinitazama, akatazama nyuma yangu, akatazama ubavuni mwangu.

"Karibu, baba. Umeleta mtoto?"

Nilifungua mdomo. Nyuma yangu watu walikuwa wamejaa mpaka uani.

"Ndiyo," nilisema.

"Yuko wapi?"

"Yuko nyumbani."

"Ni mdogo wako?"

"Ndiyo."

"Anaitwa nani?"

Nilimwambia. Akaandika kwenye daftari lake kubwa kwa herufi safi, akauliza alama za darasa la nane. Nilizitaja, hizo nilizikumbuka. Kalamu yake ilisimama. Aliinua macho, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akatabasamu.

"Huyu ana akili," alisema. "Mbona mmechelewa kumleta?"

Alinipa karatasi ya vitu vinavyohitajika, akapiga mstari chini ya sare na chini ya kikokotoo.

"Mwambie Dida aje Jumatatu, saa moja kamili, nywele amenyoa. Asiogope. Hapa hatuli watu."

Nikasema nitamwambia.